Uzi: Riwaya za mapenzi ya mabwana na mabibi wa zamani, na kwa nini zinatushika sisi wa Visiwani

Msomaji wa Ng'ambo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye chai yake aiweke karibu.

Nataka tuzungumze riwaya za mapenzi za kihistoria. Zile za madyuki, yaani makabaila wa daraja ya juu kabisa Uingereza, na mabinti wa malodi, magari ya farasi, barua zilizopigwa muhuri wa lakiri, na dansi za usiku ambapo mwanamme akimshika mwanamke mkono juu ya glavu msomaji anasahau kuvuta pumzi. Mie nazipenda tangu niko skuli. Shoga zangu wanazipenda. Mtaani kwetu yuko mama mtu mzima, keshaozesha watoto, anazisoma kwenye simu huku wali umepaliwa makaa, na ukimwita hasikii. Lakini kila zikitajwa lazima atokee mtu aseme tunapoteza wakati kwa mapenzi ya Wazungu yasiyotuhusu kwa lolote.

Mie nasema yanatuhusu mno. Naamini msomaji wa Unguja anaingia ndani ya vitabu hivi kwa wepesi kuliko msomaji wa London wa leo.

Huyo wa London lazima afafanuliwe kwamba zamani binti wa watu hakai chumba kimoja na mwanamme asiye wake mpaka awepo mtu mzima. Lazima aambiwe kwamba kijana alianza kwa baba. Sisi nani wa kutufafanulia hayo? Kwetu mpaka leo washenga wanakwenda, barua ya posa inapelekwa, jibu linakaa siku zake, na huku ndani bibi anauliza: mtoto wa nani? Wa ukoo upi? Kufu yake huyu? Mama wa binti katika riwaya anauliza yaleyale, ila yeye anafungua Debrett's, kitabu cha nasaba za makabaila wa Kiingereza kilichoanza kutolewa 1769. Bibi yangu hakuhitaji kitabu. Ukimtajia mtu wa Malindi au wa Mkunazini anakupa babu zake watatu kwenda juu, na nani aligombana na nani kwa shamba gani.

Kwa wasiozijua: nyingi zimewekwa katika kipindi kifupi, 1811 hadi 1820, pale Mfalme George III wa Uingereza alipoharibikiwa na akili na mwanawe akashika utawala kwa niaba yake. Miaka tisa tu. Aliyekifanya kipindi hicho kuwa makao ya riwaya hizi ni Georgette Heyer, kuanzia 1935. Watu humchanganya na Jane Austen, lakini Austen alifariki 1817, na aliandika mambo ya zama zake mwenyewe. Heyer ndiye aliyerudi nyuma zaidi ya miaka mia akachimbua nguo zilishonwaje, gari la farasi wawili liliitwaje na la wanne liliitwaje, na watu wa adabu walitukanana vipi. Uchimbuzi huo ndio msingi wa utamu. Kitabu ambacho mwandishi wake hakuchimba unakijua mapema, kila mwanamme anayeingia mlangoni ni dyuki kijana mzuri. Madyuki wa kweli, ukiacha wana wa mfalme, hawakuzidi thelathini nchi nzima, na wengi wao walikuwa watu wazima wenye wake zao.

Halafu kuna Almack's. Huu ulikuwa ukumbi London, mtaa wa King Street, watu wakikutana Jumatano usiku msimu ambao Bunge linakaa na familia kubwa zimehamia mjini na mabinti zao. Tiketi hainunuliwi mpaka kamati ya mabibi wakubwa ikukubali. Wanawake! Waume zao wako Bungeni wanajadili vita na Napoleon, wao wameshika mlango wa nani aoane na nani. Mtu aliyewahi kukaa kikao cha wanawake wa kwetu kabla ya harusi, akaona kungwi na shangazi wanavyoamua nani aalikwe, nani aketi wapi na nani asiambiwe kabisa, anaisoma Almack's kama habari ya mtaani kwake.

Na utamu wenyewe uko kwenye kizuizi. Mwandishi hodari anajenga nyumba yenye milango mingi, kila mmoja umefungwa ama na sheria, ama na jina la ukoo, ama na ulimi wa watu, kisha anawaacha wawili humo ndani watafutane. Kipande ninachokirudia ni cha waltz. Dansi za kabla yake watu walipangana safu, wanagusana vidole wanaachana, wanabadilishana wenza. Waltz ilipoingia, mwanamme akaweka mkono kiunoni mwa mwanamke na wakabaki wawili mpaka muziki uishe. Watu wazima walifadhaika. Sasa mwandishi anamchukua binti aliyekaa kurasa mia mbili akisema na bwana huyu kwa maneno makali tu, anamsimamisha sakafuni, ule mkono unatua, na binti hana tena neno la kusema. Ukurasa mzima hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. Mie nauweka chini, nauchukua tena.

Anayejua harufu ya kikuba cha asumini na mrehani inavyobaki kwenye ujia wa Mji Mkongwe baada ya mwenyewe keshapita, hahitaji kufundishwa kwa nini lodi anaokota utepe ulioanguka.

Leteni maoni.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimesoma kwa makini. Sina ubaya na mapenzi. Lakini niwaulize, kasri la dyuki limejengwa na nani na kwa fedha gani? Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake mpaka sheria ya 1833. Kwa hivyo kipindi chote hicho cha dansi, sukari ya Jamaica na Barbados ilikuwa ikilipia hariri za nyumba nyingi. Riwaya hizi mara nyingi hazisemi. Mpishi hana jina. Msichana anayeamka usiku kuwasha moto ili bibi aamke chumba kina joto, naye hana jina.

Sisi tunayo riwaya iliyoitazama nyumba ya bwana kutokea kwa watumishi wake, Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka 1978. Baada ya kuisoma hiyo, mimi bwana aliyekosa usingizi kwa mapenzi simwonei huruma upesi. Nataka nijue aliyemtandikia kitanda kalala wapi.

Msomaji wa Ng'ambo

Shikamoo Mwalimu. Neno lako nalikubali, na nalitaka ndani ya uzi huu, nisingependa liwe pembeni.

Lakini sioni kwamba dawa yake ni kuyaacha mapenzi. Dawa ni jiko liingie kwenye hadithi. Yule msichana wa kuwasha moto ndiye anayejua bibi kalia usiku, ndiye anayebeba barua, ndiye anayeweza kuisema au kuinyamaza. Mwandishi akimpa jina na haja zake, hadithi inapata nguvu maradufu, kwa sababu siri ya wakubwa sasa iko mikononi mwa mtu ambaye wakubwa hawakumwona kuwa mtu. Wako waandishi wa siku hizi wanaofanya hivyo na nawasoma kwa raha zaidi.

Na kwetu, Mwalimu, hatuwezi kuyakwepa hata tukitaka. Soko la watumwa la Mjini lilifungwa 1873 na utumwa ukaondolewa kisheria 1897. Ndani ya kasri zenyewe mama wa watoto wa Sultani wengi wao walikuwa masuria. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, mama yake Jilfidan alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukasi, aliyechukuliwa mtoto mdogo vitani, akauzwa, akafika Unguja. Binti wa mfalme na mtoto wa aliyenunuliwa, mwili mmoja. Dyuki wa riwaya hana hadithi ya kina hicho. Sisi tunayo, na imelala.

Shoga wa Bububu

Mie jamani nitasema ukweli wangu. Nafanya kazi hotelini, narudi usiku miguu inauma, nataka kitabu ambacho najua mwishoni wataoana. Nikihakikishiwa hilo, wanitese katikati watakavyo. Maisha yenyewe hayahakikishi kitu.

Ila nakuuliza dada yangu wa Ng'ambo, ukisema tunazo zetu, kwani Bibi Salme mwisho wake si huzuni? Mie napita Mtoni kila siku kwenye daladala, nikiyaona yale magofu ya kasri yao roho inaniuma.

Msomaji wa Ng'ambo

Shoga, hapo umenigusa, kaa kidogo.

Mwanzo wake ni wa riwaya kabisa. Kazaliwa Mtoni 1844. Wanawake wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hapana, kwa hivyo alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ukamponza. 1859, ndugu zake Barghash na Majid walipogombea utawala, yeye, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua watu wa Barghash. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu waliogawika. Baadaye akahamia mjini, na jirani yake akawa mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete. Paa la nyumba ya kijana lilikuwa chini ya madirisha ya Bibi. Kijana akialika Wazungu wenzake chakula, Bibi anayaona yote kutoka juu. Ameyaandika haya mwenyewe katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani 1886. Mwandishi gani angeweza kubuni dirisha lililokaa vizuri kuliko hilo?

Agosti 1866, akiwa mjamzito, usiku wa Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, watu wako pwani wanakoga, akapanda meli ya kivita ya Waingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko akabatizwa na kufunga ndoa na Ruete, Mei 1867. Riwaya ingeishia hapo. Lakini mtoto wao wa kwanza alifariki, na 1870 mumewe akauawa na tramu Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo. Alirudi Unguja 1885 na tena 1888 kudai urithi wake, hakupewa. Akafariki Ujerumani 1924. Kwa hiyo ndiyo, si hadithi ya kukufuta machozi, na nisingependa mtu aibadilishe mwisho wake. Alikuwa mtu wa kweli na aliisema habari yake kwa mdomo wake.

Ila pembeni ya hadithi yake ziko nyingine, kazitaja yeye, na hizo ndizo ninazozililia.

Kuna dada yake Khole, uzuri wake umesemwa sana. Salme anasimulia kwamba siku moja ya sherehe mkuu wa kabila moja la Waarabu alisimama chini ya dirisha akamwona Khole. Alikuwa kaushika mkuki wake, ncha imetazama chini, na alivyozama katika kutazama, ncha ikamwingia mguuni. Damu inatoka, yeye hana habari, mpaka ndugu wa Khole akamshtua. Soma tena. Mtu kajichoma mguu kwa mkuki wake na hakusikia maumivu kwa kumtazama binti dirishani! Wandishi wa madyuki wanahangaika na vitambaa vilivyodondoka, na sisi tuna mkuki.

Kuna Shesade, mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, mjukuu wa Shah. Alikuja na wapanda farasi wake mwenyewe, akiwinda nao, hajali macho ya watu, na wazee wa kasri wakimkunjia uso. Hamamu ya Kidichi yasemwa ilijengwa kwa ajili yake, 1850. Nendeni mkaone: kuta ndani zimenakshiwa kwa lipu, maua na ndege, kazi ya Kiajemi katikati ya mashamba ya karafuu. Mwishowe Sultani alimwacha, akarudi kwao. Nani aliyenakshi ndege wale, na Shesade aliwatazama kwa macho gani siku alizokuwa bado anapendwa?

Na kuna Bibi Azza binti Seif, mke mkubwa, mwanamke mfupi asiye na mtoto, aliyeiendesha kasri yote ya Mtoni, na watoto wa mumewe wote wakimnyenyekea. Katika riwaya za Kiingereza huyu ndiye shangazi mkali wa dyuki. Hapa kwetu anastahili kitabu chake.

Jambo jingine, kwa sababu linabadilisha hadithi yote. Binti wa kabaila wa Kiingereza anasukumwa kuolewa kwa sababu akifa baba, nyumba na ardhi mara nyingi zinakwenda kwa mwanamme wa ukoo, hata akiwa binamu wa mbali asiyejulikana. Akiolewa, mali yake inaingia mkononi mwa mume. Ilikuwa 1882 ndipo sheria ya Uingereza ilipompa mke haki kamili ya kumiliki chake. Hofu hiyo ndiyo injini ya karibu riwaya zote hizi. Sasa mtazame Salme: baba yake amefariki 1856, yeye ana miaka 12, anarithi fungu lake kwa sheria ya dini, shamba na fedha, na ni zake. Mwanamke wa Unguja mwenye hadhi wa karne ileile hakuhitaji mume ili apate pa kulala. Kwa hivyo riwaya yetu haiwezi kunakili ile ya Kiingereza na kubadilisha majina. Bibi wetu ana mashamba yake, kinachomzuia ni kufu. Binti wa Sultani ataolewa na nani wa daraja yake kisiwani, zaidi ya binamu zake? Akimpenda asiye wa daraja hiyo anapoteza ndugu, jina na nchi. Hii ni injini nyingine kabisa, na mie naiona ina nguvu zaidi, kwa sababu mwanamke anachagua akiwa ana kitu cha kupoteza.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la urithi sikuwahi kulisikia likisemwa katika mazungumzo ya riwaya. Niongeze: shamba alilorithi bibi huyo lililimwa na watumwa. Basi uhuru wake yeye umesimama juu ya mgongo wa mwingine. Mwandishi atakayeandika asiliruke hilo, aliweke mbele ya macho ya bibi mwenyewe, amlazimishe aone.

Msomaji wa Ng'ambo

Hapo hapo Mwalimu. Na mpenzi wake awe ndiye anayemwuliza. Mtu atakayempenda kwa dhati ndiye atakayethubutu kumwuliza.

Mtu wa Wete

Salaam. Mbona mwasema Unguja, Unguja, kana kwamba Pemba hakukuwa na watu waliopendana?

Mie nawaletea Pujini. Ngome ya Mkama Ndume, zamani sana kabla ya Waarabu wa Oman, mtawala ambaye wazee hapa wakitaja ukali wake hushusha sauti. Pale kuna kisima, na wenyewe husimulia kwamba kilitiwa ukuta katikati kwa sababu alikuwa na wake wawili wasioweza kuonana. Mmoja anashuka kwa ngazi kuteka maji, mwingine anateka kwa kamba kutoka juu. Kila siku wanasikilizana upande wa pili wa ukuta. Nani alianza kumsemesha mwenziwe?

Na kama mwataka makabaila wa karafuu, tuanze 1872. Kimbunga cha mwaka ule kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu ukipandwa leo unangoja miaka sita, saba au zaidi kuzaa. Basi fikirini bwana mkubwa wa Unguja, jana ana mali isiyohesabika, leo ana visiki, ana deni kwa mkopeshaji wa Kihindi, na huku Pemba kuna binti wa Kishirazi aliyeachiwa shamba zima na baba yake, ambaye mwaka juzi bwana yuleyule alimkataa kwa kuwa si kufu.

Shoga wa Bububu

Subhanallah! Na sasa anavuka bahari kwenda kuposa?

Mtu wa Wete

Anavuka kwa jahazi, na binti anamweka barazani siku tatu kabla ya kumpa jibu. Anamletea kahawa kila asubuhi kwa mkono wa mjakazi, mwenyewe hatoki.

Msomaji wa Ng'ambo

Kaka yangu wa Wete, tafadhali usiuache huo. Na huyo mjakazi anayepeleka kahawa mpe jina tangu mstari wa kwanza, tuna deni kwa Mwalimu. Mie ningetaka kujua bwana yule siku ya kwanza anaipokea kahawa vipi, kama anamtazama anayeileta usoni au anatazama kikombe tu, na siku ya tatu anafanyaje.

Mwalimu Mstaafu

Na mjakazi naye aone jambo barazani ambalo bibi yake halijui, kisha achague kulisema au kutolisema. Mwanangu wa Wete, ukiandika niletee nikusahihishie hati. Sitotoza kitu.

Mtu wa Wete

Nashukuru Mwalimu. Mjakazi nampa jina Mwanakheri. Natafuta kwanza mzee anieleze jahazi la wakati ule lilitia nanga wapi Wete na mtu alishukaje, kisha nakuleteeni siku ya kwanza ya barazani hapahapa.